La

Hatuna oboe. Ile tuliyoahidiwa ilikwama Kasumbalesa
kwa karatasi isiyo na muhuri,
basi ni mimi, na klarineti ya ile fanfari ya kampuni,
ninayetoa la, wengine wote wakaze nyuzi zao kwangu.
Na kwa kuwa klarineti yangu ni ya si bemoli,
la ya watu wote, kwangu huandikwa si.
Si. La.
Nimezeeka nikikataa mara mbili kwa pumzi moja
na watu wakiitikia: sawa, tumepatana.

Jumanne ile Faustine Nawej aliingia ukumbini, Katuba,
rula ya mbao kwapani (fimbo yake ilivunjika mwaka jana
katikati ya adajio),
na nyuma yake Mchina mwembamba
amekumbatia kisanduku kirefu kama cha mwavuli.
"Huyu ni Bwana Qiu. Atakaa hapa, Papa Lwamba, karibu nawe."

Nilimjua. Si uso: mkono.
Sahihi yake, iliyoinama kama bua la mhindi baada ya mvua,
ilikuwa chini ya barua iliyomtoa Mwansa wangu
kwenye tanuri la shaba,
miezi mitatu ikidaiwa.

Alifungua kisanduku. Nyuzi mbili tu.
Ngozi ya chatu, na upinde uliozaliwa katikati ya nyuzi,
hautoki, hata ukitaka.
Vijana wa fidla walicheka.
"Hilo ni zeze," alisema Mama Kalumba,
"zeze lililopotea njia likafika mbali."

Karatasi zake hazikuwa na mistari mitano. Tarakimu:
tatu, tano, sita, sita, moja yenye nukta kichwani.
Nilidhani ni hesabu za mishahara.
Faustine akashika chaki.
"Nani hapa hakuimba kwaya? Moja ni do.
Nukta juu, panda. Mstari chini, kimbia."
Na ile kwaya iliyojificha ndani ya okestra,
sisi tuliochapwa do re mi vidoleni
kabla hatujaona nota hata moja,
tukasoma muziki wa watu wa mbali
kama tunasoma bei sokoni.

Lakini ile tatu yake haikukaa. Iliteleza,
ikashuka kidogo, ikarudi, kama mtu aliyesahau ufunguo.
Fidla zilitaka kuinyoosha.
"Iacheni," alisema Faustine. "Msikilize inapita wapi,
kisha mkae pembeni."
Mtu wa redio alimwita daraja.
"Daraja hulala likakanyagwa," alijibu.
"Mimi nasimama. Na mabega yananiuma."

Akainua rula. "Papa Lwamba, la."

Sikupuliza.
Bati la paa lilikuwa linapoa, likilia *ta, ta.*
Sikio la Qiu lilikuwa juu ya uzi, linangoja.
Kisha akanigeukia, na kwa Kiswahili cha kazini,
maneno mawili: "Baba. La."
Alimaanisha nota. Mimi nilisikia neno.
"La," nikamjibu kwa mdomo,
neno zima, bila klarineti.

Hakuna aliyecheka.
Faustine hakushusha rula, hakuipiga.
Mkono wake ulianza kutetemeka kwenye kiwiko,
na ni ule mtetemeko, si huruma,
ulionifanya nilowanishe mwanzi.
Nilibana si. Ikatoka la.
Uzi wa Qiu ukaja kutoka chini, polepole,
ukatetemeka ukutani mwa sauti yangu,
ukafika.

Baada ya mazoezi nilichukua karatasi yake,
nyuma yake nikaandika: Mwansa Lwamba. Miezi 3.
Na kiasi. Tarakimu anazijua.
Aliisoma kwa muda mrefu kuliko adajio,
akaikunja mara mbili,
akailaza kisandukuni chini ya zile nyuzi.
Hakusema kitu.

Alhamisi tuna mazoezi tena.
La nitatoa mimi.